Muonjaji wa Papa Protais

Kitu cha kwanza alichokiona Gloriose ni kikapu. Papa Protais alikuwa amekikumbatia kama mtoto mchanga, na kikapu kilikuwa kinatikisika chenyewe.

Gloriose hakuuliza. Hakuwa na tabia ya kuuliza. Alifuta meza ya pembeni, akaleta maji ya kunawa, kisha akasimama mahali pake pa kufia.

Hilo ndilo jina walilopaita wabeba mizigo wa bandari ya Kalundu, waliokula kila siku katika malewa ya Mama Generose, mgahawa wa mabati manne na meza sita. Mahali pa kufia palikuwa hatua moja kutoka mkono wa kulia wa Papa Protais, kapita wao, yaani msimamizi. Kwa miezi mitatu, kila saa sita ya mchana, msichana alisimama hapo akaonja chakula cha kapita kabla kapita hajakigusa.

Ilianza na karatasi. Papa Protais aliikuta katika mfuko wa koti lake, ambalo alikuwa amelitundika kwenye kiti wakati anakula hapo. Ilisema kuna mtu anataka kumwekea sumu. Haikuwa na jina. Tangu hapo macho yote yalimgeukia Basile, msaidizi wake, aliyekuwa akiutamani ukapita waziwazi, kama mtu anavyotamani nyama siku ya Ijumaa Kuu.

Kwa desturi, anayekuletea chakula huonja kidogo, ili ule kwa amani. Papa Protais alitaka zaidi ya kidogo. Mama Generose naye hakutaka kumpoteza, maana kapita akihama meza, wabeba mizigo wote wanahama naye. Wala hakutaka kuonja mwenyewe.

"Weye Gloriose ndiye unaleta sahani, weye ndiye utaonja," alisema. "Kama hautaki, mulango iko pale."

Mlango ulikuwa pale kweli. Na nje ya mlango kulikuwa na mtaa wa Mulongwe: mama yake, wadogo zake wanne, na nyumba ambayo mto ulikuwa umeibeba nusu. Gloriose aliishia darasa la nne. Kazi yake ilikuwa kuosha sahani, kuandika vyakula vya siku ubaoni kwa chaki, na mwishoni kula kile ambacho wateja wamebakiza. Wabeba mizigo hawabakizi hata miiba.

Akaonja.

Siku ya kwanza alimega kipande kama punje ya mchele. Malewa yote ikaacha kula. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Mmoja alivua kofia mapema.

Hakufa. Siku ya pili pia hakufa. Polepole akawa mwangalifu kuliko alivyoagizwa. "Na upande wa pili, Papa," alinong'ona, akimgeuza samaki. Siku nyingine, mbele ya kisamvu: "Sombe, katikati haijaonjwa." Zaidi ya hayo hakuna aliyewahi kusikia sauti yake.

Papa Protais alitikisa kichwa kwa heshima. Mji mzima umejaa watu wa kujipenda, na huyu mtoto wa watu anakitafuta kifo chake kwa bidii namna hii ili mwengine aishi!

"Mumutazame mashavu," Basile alisema siku moja kutoka meza ya pili. "Kila wiki yanajaa. Mama Generose, unipatie na minye hiyo sumu."

Watu walicheka hadi wakakohoa pilipili. Papa Protais hakucheka.

"Sumu ya siku hizi haina haraka," alisema. "Inakunenepesha kwanza."

Lakini maneno hayo yalimrudia mwenyewe, yakamkaa rohoni. Akaanza kushindwa kumtazama msichana usoni. Jumapili alikwenda kuungama. Jumatatu akaja na kikapu.

Alikifungua mezani. Akatoka paka wa kijivu, sikio moja limekatika, mbavu zinahesabika.

"Na huyu ni nani?" Mama Generose aliuliza, kijiko cha sombe kikiwa hewani.

"Muonjaji." Papa Protais alisimama, akavua kofia. "Bandugu, padri ameniambia ukweli. Muntu muzima hawezi kujikinga nyuma ya mutoto ya bantu. Gloriose, umenifia mara ya kutosha. Kuanzia leo, kama kuna kufa, paka atakufa."

Wabeba mizigo walipiga meza kwa ngumi. Basile alipiga kuliko wote. Mmoja wao alisema hata watakatifu wengine hawakufanya hivyo.

Sahani ikaja: mukeke mzima wa kuchoma, ndimu na pilipili pembeni. Papa Protais aliisogeza mbele ya paka.

Paka hakuonja. Paka alikula. Alianza na tumbo, lile lenye mafuta. Akaenda kwenye mashavu. Akanyonya macho. Alipomaliza, akamgeuza samaki upande wa pili bila kuambiwa na mtu.

"Anajua kazi!" Basile alipiga kelele. "Kuliko huyu wetu!"

Gloriose alikuwa bado amesimama mahali pake pa kufia, mikono nyuma. Machozi yakaanza kumtiririka hadi kidevuni.

"Mumuone, furaha imemuzidi," Mama Generose alisema, akimsukuma mbele kwa kiwiko. "Haya, sema asante kwa Papa. Leo tu, weye, fungua kinywa."

Gloriose alifungua kinywa. Sauti iliyotoka iliwageuza vichwa hadi wenye pikipiki barabarani.

"Ile karatasi ni minye niliandika! Mumutoe huyu paka kwenye sahani yangu!"