Maziwa Yaliyogoma Kuganda

“Wewe ni mchawi, na leo nakwambia mbele za watu,” muuza maziwa alisema, mikono kiunoni, mguu mmoja umeshavuka kizingiti cha jirani yake. Watu wenyewe walikwishajaa uani. Ugomvi wa bure, nani aukose?

Mgando wake ulikuwa haugandi. Kila asubuhi anafunua chungu, anakuta maji meupe. Wateja wamehama. Na yote hayo, alisema, yalianza pale huyu bwana alipoanza kununa.

Bwana alikuwa na sababu ya kununa. Mtaani walimwita Daktari wa Matambara, maana kazi yake kiwandani ilikuwa kufungamanisha dawa na nyuzi za poliesta, ili bakteria wakigusa kitambaa wafe. Meneja alikuwa amemrushia vipande vyake vya kitambaa usoni: dawa gani hii inayokwenda na povu? Kabla ya mwisho wa mwezi alete kitambaa kilichofuliwa hasa na bado kinaua, la sivyo asirudi. Hakuwa nacho. Vyote alimpa mkewe avichome moto.

“Labda unakamua bomba badala ya ng’ombe,” alijibu. Uani wakaangua kicheko.

Hapo mama wa watu akapandwa na hasira. Aliapa kwamba hajaongeza hata tone la maji, anafanya vilevile alivyofundishwa na bibi yake: unachovya kitambaa kwenye mgando wa jana, unakianika, kisha unakitumbukiza kwenye maziwa ya leo. Hiyo ndiyo mbegu.

Mtu mmoja akachokonoa kwamba huenda kitambaa ni kichafu.

“Kichafu?” Muuza maziwa alimgeukia kama anayetaka kumla. “Kile cha zamani kilipochanika nikapata kipya. Nimekifua kwa sabuni, nimekichemsha, nimekisugua kwenye jiwe mpaka kucha zimeisha. Nikakichovya upya kwenye mgando wa dada yangu. Wapi. Na aliyenipa ni mke wa huyuhuyu mchawi. Aliambiwa akichome, akaona hasara.”

Mke aliinamia sufuria, hakuinua uso. Uani watu wakangoja kofi.

Daktari wa Matambara alimfuata muuza maziwa pale mlangoni, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

“Dada yangu, kakilete hicho kitambaa kama kilivyo, kesho nimpelekee meneja. Halafu ingia ndani, ule nasi.”