Safu Mbili za Kina

Mwanasiti alivuta mistari kwenye kompyuta, akiunganisha safu za jedwali la vipimo vilivyoletwa na boti ya kupimia kina na safu za ramani ya bahari. Alipomaliza, mlango wote wa bandari uligeuka buluu, rangi ya maji marefu. Mkuu wake, Bwana Shekue, alipiga makofi na kuiruhusu meli ya mafuta iingie.

Meli ilikwisha kuingia mlangoni Mwanasiti alipoitazama tena mistari yake. Boti ilileta safu mbili za kina: moja ya kina kilivyopimwa maji yamejaa, nyingine ya kina kilichokwisha kupunguzwa hadi kile cha maji yakipwa. Yeye aliunganisha ile ya kwanza, na sasa maji yalikuwa yanakupwa.

Akafuta mstari, akauvuta upya kutoka safu ya pili. Buluu ikaondoka kipande kwa kipande, nyekundu, rangi ya maji mafupi, ikaingia mahali pake.

"Bwana Shekue," alinong'ona.

"Sema kwa sauti, binti, hapa hakuna mgonjwa."

Mwanasiti alichukua redio mwenyewe. Rubani aliyeiongoza meli ile alikuwa Kombo, mume wa dada yake.

"Shemeji, simama! Maji hayatoshi. Nimekosea mimi."

Kombo alicheka. "Leo shemeji kapata sauti! Hii si baiskeli, mama. Hata nikizima mashine sasa hivi..."

Dirishani, moshi wa meli ulikatika. Meli yenyewe iliendelea kuja, kimya, na nyuma yake maji yalikuwa yamegeuka rangi ya tope lililotimuliwa chini.