Platini ya Mzee Gervasi

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa Ujiji kwamba Mzee Gervasi, fundi cherehani wa soko la Mwanga, ndiye mwekezaji wa kwanza wa sarafu za platini katika mtaa huu. Kwa sasa mheshimiwa mwekezaji yuko uvunguni mwa kitanda chake, analia.

Aliuza shamba la kahawa la Kalinzi, lenye kaburi la mama yake, akanunua sarafu tano za madini hayo meupe ya thamani. Ndugu zake hawajui. Bei ilipopanda, mwenye shamba mpya alikubali kulirudisha, mradi alipwe leo. Mnunuzi wa sarafu, Bwana Yassir, ametua kwa ndege na sasa yuko sebuleni, anatafuna kuku.

Sarafu zilikaa ndani ya vikasha vya plastiki. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata Mzee mwenyewe, maana mikwaruzo hushusha bei. Mpwa wake, mwanafunzi wa shule ya bweni mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano, ndiye aliyefuta vikasha vumbi.

Leonia, mke wa Mzee, aliamka na bahati. Mpwa akiwa bado amelala, alimuuzia mchuuzi Merina gunia lao la dagaa, akamsindikiza hadi boti ilipoondoka naye na gunia lake kwenda Kongo, akanunua kuku wa mgeni. Kisha akaenda ziwani kusugua masufuria kwa mchanga, kama kawaida yake. Akaona ni aibu mgeni kuonyeshwa vitu vilivyofubaa. Sarafu alikuwa amezibeba pia; akazitoa vikashani, akazisugua.

"Zimetakata, baba Scola," alimwambia mumewe. Ndipo Mzee alipoingia uvunguni.

Bwana Yassir alimbembeleza atoke. Platini iliyokwaruzwa bado ni platini, alisema. Atapunguza bei kidogo tu, na shamba litarudi. Mzee akatoka, buibui wamemjaa kichwani. Mgeni akanawa mikono, akainua sarafu ya kwanza dirishani.

"Mzee wangu, mbona hii ni ya njano?"

Rangi nyeupe ilikuwa imebanduka. Chini yake palikuwa na maandishi, na Leonia akayasoma polepole: "Michezo ya bweni. Mbio za magunia. Mshindi wa tatu."

Wote watatu wakamgeukia mpwa.

Naam, mpwa huyo ni mimi. Nilizipaka rangi medali zangu, nikaziweka mahali pa sarafu; nilitaka kicheko cha siku moja tu.

"Usilie, mjomba," nilimwambia. "Zile halisi ziko salama kabisa. Nilizifukia ndani ya gunia la dagaa."