Asiyepiga Hodi

Bwana Tungaraza alivuka bahari kuja kumwona kaa wa nazi, yule kaa mkubwa aishiye nchi kavu, lakini siku tatu alizoupekua msitu wa kisiwa kile hakuona hata gando. Alfajiri ya kuondoka, Bi Mwanapili, mwenye nyumba ya wageni, alimletea chai chumbani, akamkuta amenuna.

"Na kuna mtu kila alfajiri ananigongea mlango," mgeni akalalamika.

"Anapiga hodi?"

"Hapigi. Nawe uliniambia asiyepiga hodi asifunguliwe."

Bi Mwanapili akashika kiuno. "Mwanangu, kaa hodi ataijulia wapi?"

Mlango ukagongwa. Bwana Tungaraza akaufungua kidogo. "Karibu," akasema kwa adabu zote.

Gando likaingia, likakamata kiatu chake kimoja, likaanza kukivuta nje.

Bwana Tungaraza akasogeza na cha pili.