Bomba Lililoishia Darini

Katika mji ule wa baridi, madirisha hayakufunguliwa mwaka mzima. Fundi Mbwilo aliitwa kubadilisha mtungi wa gesi kwenye nyumba ya wageni, akashangaa kutoona bomba la moshi la hita ya maji likitokeza juu ya paa. Akapanda ngazi, akachungulia darini kwa tochi.

Katika chumba namba tatu mgeni alikuwa anaoga maji ya moto, akiimba.

“Bomba linaishia humu humu,” alisema Mbwilo.

“Nilikataa bati langu jipya litobolewe,” alijibu mwenye nyumba, Bwana Kisamo, akichokonoa meno pale chini.

“Kwa hiyo sumu yote ya moshi wa gesi inawarudia wageni.”

“Sumu gani? Wewe umesikia harufu? Wanaamka kichwa kinawauma kwa sababu ya pombe. Watu wa bondeni hawajui kunywa.”

“Mtoe huyo anayeoga.”

“Nimgongee mgeni bafuni? Sina adabu?”

Mbwilo aligeukia tena darini. Wenye nyumba wa mji huu aliwajua; wote walikuwa na bati jipya. Alikusanya kitu kwa mikono miwili, akakidondosha miguuni pa Kisamo: popo saba, wakavu kama majani ya chai.

Kisamo aliwasukuma kwa ncha ya kiatu.

“Afadhali,” alisema. “Walikuwa wananinyea dari.”

Akaenda kutafuta ufagio.

Namba tatu, wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Maji yaliendelea kumwagika.