Nusu Shubiri

"Umezidi," alisema Bwana Futi, akiwa amepiga magoti ndani ya mtaro.

"Umezidi nini tena?" aliuliza mama mwenye nyumba, amesimama getini na kanga yake begani.

"Ua, Mama. Umeingia barabarani nusu shubiri."

"Nusu shubiri! Na njia yenyewe hapiti hata mbuzi!"

Bwana Futi alipima tena. Alikuwa mkaguzi wa barabara wa halmashauri, mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limekwisha kumezwa na ile futi aliyoivaa kiunoni. Sheria aliijua kama anavyojua kiganja chake. Ua ni wa mwenye kiwanja, mtaro ulio mbele yake ni wa kuzibuliwa na yeye, na tawi likiinamia njia, msumeno ni juu yake. Ila halmashauri ina mambo mengi. Haiji mpaka mtu alalamike.

Na kwa nyumba hii, mtu alilalamika kwelikweli. Barua saba mwaka huo, zote bila jina, kwa mwandiko uliopinda kama wa mtoto wa chekechea. Mtaro una majani. Ukazibuliwa. Tawi limeshuka mno. Likakatwa. Sasa ua. Hata mkuu wa ofisi alikuna kichwa.

"Huyu mlalamikaji ana macho ya rula," alisema asubuhi ile. "Haya, nenda wewe, umeshazoeana na huyo mama."

Walikuwa wamezoeana kweli. Mkaguzi mwingine angebandika notisi getini akaenda zake. Bwana Futi alivua koti, akashika mkasi, akaukata ua mwenyewe huku mama akimshikia ngazi na kumcheka kwa kukata upogo. Kazi ya dakika kumi iliwachukua hadi adhuhuri. Safari zote za nyuma, baada ya kazi palikuwa na chai barazani, na stori za marehemu mume wa mama, ambaye inasemekana aliwahi kuangukia kwenye ua huohuo akiwa amevaa suti ya harusi. Bwana Futi alikuwa amekwisha kuisikia stori hiyo mara sita na bado alicheka pale pale pa kuchekea. Chumbani kwake alikokuwa akirudi jioni kulikuwa na kikombe kimoja na redio, na redio haikuwahi kumuuliza kama ameshiba.

Leo chai haikuwa barazani. Mama alimkaribisha ndani, na ndani mlikuwa na maboksi yaliyofungwa kamba, yamepangwa hadi dirishani. Kuta zilibaki na alama nyeupe za picha zilizoondolewa.

"Nahama, mwanangu," alisema mama. "Binti yangu anakuja kunichukua Jumamosi."

Bwana Futi alikaa juu ya boksi bila kuambiwa akae.

"Kwa sababu ya ua, Mama? Si tumeukata?"

"Ua ni majani tu. Ninachokimbia ni mtu." Mama alimimina chai. "Mtaani humu kuna mtu ananichukia mpaka ananipimia majani. Nikienda dukani nawatazama usoni mmoja mmoja. Ni wewe? Au ni wewe? Nimeacha hata kuwasalimia. Miaka thelathini na minne nimeishi hapa, leo nawaogopa majirani walionizikia mume."

"Pengine hakuchukii, Mama."

"Basi ana nini? Asiyenichukia si angebisha hodi tu, kama wanavyobisha watu?"

Bwana Futi alifungua mdomo. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kama wa mtu aliyeshikwa ugoni, akaishia kusema kwamba chai ni tamu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema, akitazama nje dirishani kuelekea nyumba za jirani. "Ningemjua, ningebaki. Ningemwambia kosa langu ni lipi, anisamehe, yaishe. Lakini kukaa na adui nisiyemjua sura, kwa umri huu, siwezi."

Alimsindikiza hadi getini. Hapo akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyoshikwa watoto wanaokwenda shule ya mbali.

"Wewe ndiye nitakayekukumbuka," alisema. "Kila walipoleta maneno yao, wewe ulikuja na roho safi."

Bwana Futi alirudi kwa miguu, na machozi yalimtoka njiani bila yeye kuyafuta. Ofisini wenzake walikuwa wamekwisha toka. Aliketi kwenye meza yake, akavuta karatasi safi, akaitazama mpaka mlinzi akaja kuuliza kama afunge mlango. Akamwomba dakika tano. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Akaihamishia kalamu mkono wa kushoto, kama alivyofanya mara zote saba, akaandika: "Mama, usihame. Sikuwa na sababu nyingine ya kuja."