Samaki wa Mara Moja kwa Mwaka

Kwa sheria ya zama zile, ulimi uliruhusiwa kuonja kila chakula mara moja tu kwa mwaka. Ukirudia, utadhani unatafuna pamba. Mwanakombo alikuwa amezimaliza ladha zake safarini: pweza Kilwa, urojo Unguja, na kule Tanga, kwa uroho tu, samaki wa kupaka wa hotelini.

Sasa mama yake, ambaye daktari alishasema hatauona mwaka mpya, alijikongoja kutoka kitandani akampikia samaki huyohuyo.

“Ladha yangu nimeitunza mwaka mzima, nije nile nawe,” alisema mama, akafumba macho kwa utamu. “Haya, mwanangu, safari hii nimeongeza nini?”

Mwanakombo alitafuna, akalamba vidole, akafyonza hata miba. Pamba tupu.

“Niongezee, mama,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Niongezee tena.”